Mkanda mtupu nao unakula umeme

SWALI: Shikamoo Mzee. Nasimamia zamu kwenye yadi ya makaa ya mawe. Tunapokea shehena, tunarundika, kisha mikanda inayapandisha hadi kwenye kiponda na maghala. Uongozi unataka umeme, dizeli na moshi vipungue, na wazo lililopo ni kununua mota mpya kote. Nina shaka. Wewe ungeanzia wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Shaka yako ina msingi. Nimefanya matengenezo ya mikanda miaka mingi, na nilichokuwa nakikuta ni kilekile: umeme unapotea kuzungusha mkanda usiobeba kitu, na dizeli inapotea kuhamisha makaa yaleyale mara mbili, tatu.

Kuinua tani 1,000 mita 30 kwenda juu kunahitaji kama kilowati-saa 82 tu. Linganisha na mita yenu ya umeme. Kinachozidi hapo kinaliwa na msuguano na upotevu mwingine.

Kwa hiyo pima kwanza. Makaa yakiisha kwenye mkanda, uache uzunguke mtupu kwa muda, usome kilowati. Usisome ampea, maana mota isiyo na mzigo huvuta ampea nyingi hata kama kazi inayofanya ni ndogo. Halafu hesabu ni dakika ngapi kwa zamu mkanda unazunguka hivyo, watu wakisubiri buldoza au lori. Dakika hizo mnaweza kuzifuta bila kununua chochote, kwa kupatana tu kwenye redio nani awashe lini.

Kisha tembea kandokando ya mkanda, taratibu, masikio wazi. Rola, yaani silinda inayozunguka chini ya mkanda na kuubeba, ikikwama hupiga kelele, baadaye hunyamaza, na ikinyamaza ndiyo mbaya zaidi. Niliwahi kufungua moja ikiwa imelika upande mmoja hadi ikawa bapa, ukingo wake mkali kama kisu, vumbi limeshindiliwa kwenye beringi kama saruji. Mkanda ulikuwa unaburuzwa juu ya chuma hicho, mota inalipia. Chuma kikipata moto penye vumbi la makaa, mnaweza kupoteza mkanda mzima. Mkanda ukiwa unatembea, angalia tu. Usiguse.

Feni za kunyonya vumbi nazo ziangalieni. Ukipunguza mwendo wa feni kwa sehemu moja ya tano, umeme wake hushuka karibu nusu. Lakini vumbi likianza kutoka, rudisha mwendo. Mapafu ya vijana wako si mahali pa kubania matumizi.

Sasa rundo, maana hapa ndipo moshi unapotoka bila kazi yoyote kufanyika. Makaa yakipata hewa huchacha polepole na kujipasha joto yenyewe, hasa yale laini yenye unyevu mwingi. Yapangeni kwa tabaka nyembamba, yashindiliwe, miteremko iwe ya taratibu ili upepo usipenye, na yaliyotangulia kuingia yatangulie kutoka. Sisi tulikuwa tunachomeka nondo ndefu ndani ya rundo, tunaiacha, kisha tunaichomoa. Ikitoka ya moto kiasi kwamba mkono hauvumilii, tulijua kazi ipo. Mvuke alfajiri na harufu kama ya mafuta ya taa ni dalili nyingine. Msimwage maji ovyo. Kila lita inayobaki kwenye makaa italazimika kugeuzwa mvuke kwenye tanuru, na hiyo ni kama megajuli 2.26 zimekwenda bure.

Jambo moja uwaambie wakubwa wako waziwazi. Tani moja ya makaa mazuri ikichomwa hutoa zaidi ya tani 2 za kaboni dioksidi. Mtakachookoa yadini ni cha kweli, ila ni kidogo mbele ya hicho, kwa hiyo kwenye ripoti muandike kila kimoja peke yake.

Ukishapima, niandikie kilowati za mkanda mtupu na za mkanda wenye mzigo. Hapo ndipo tutazungumza habari ya mota.