Mbwa Wangu Ana Damu ya Nani? Majibu kwa Barua za Wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zimekuja na picha za mbwa, na swali lake ni lile lile: huyu ni mbegu gani? Nimechagua tano ambazo majibu yake yatawafaa hata wale ambao mbwa wao hawafanani na hata mmoja wa hawa. Majina ya wasomaji nimeyaacha, ya mbwa nimeyabakiza.

Shikamoo Daktari. Nina mbwa dume wa miaka mitatu anayeitwa Simba. Masikio yake yamesimama wima, mgongo ni mweusi na miguu ni ya kahawia, na kila mgeni anayeingia getini husema ni chotara wa German Shepherd. Lakini miguu yake ni myembamba, mkia umejikunja juu ya mgongo, na alipopimwa alikuwa na kilo 17. Aliyetupa alisema mama yake ni mbwa wa kawaida wa mtaani. Je, ni kweli kwamba ana damu ya German Shepherd? — Msomaji, Njiro, Arusha

Marahaba. Nimeitazama picha ya Simba kwa makini, na kwa maoni yangu huyo ni mbwa wa kienyeji, wala sioni dalili kwamba mmoja wa wazazi wake alikuwa German Shepherd.

Wageni wako wanaangalia rangi na masikio, na hivyo ndivyo vitu viwili vinavyodanganya kuliko vyote. Mgongo mweusi uliokaa kama tandiko juu ya mwili wa kahawia hupatikana pia kwa Beagle na kwa Airedale Terrier, na masikio ya kusimama yamejaa kwa mbwa wa vijijini wa Afrika na Asia. Mimi naangalia kwanza umbile. Kwa viwango vya shirikisho la kimataifa la mbegu za mbwa, FCI, dume wa German Shepherd huwa na kilo 30 hadi 40. Angezaa na jike wa mtaani, kwa kawaida mtoto angekaa mahali fulani kati ya wazazi wake kwa uzito, tena ningetarajia kuona mifupa minene zaidi, kifua kipana, na mkia mzito unaoning'inia. Simba ana kifua chembamba kilichoshuka, tumbo lililopanda juu, na mkia wa kujikunja, na huo ndio mwili wa mbwa anayezaliwa na kukua katika mitaa yetu bila mtu kumchagulia mwenzi.

Sababu ya macho kutudanganya ni kwamba yale tunayoyaona kwa nje yanaamuliwa na jeni chache sana kati ya jeni takriban 20,000 alizo nazo mbwa. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti za manyoya kati ya mbegu za mbwa, yaani marefu au mafupi, yaliyonyooka au ya mawimbi, yenye masharubu au yasiyo nayo, inatokana na jeni tatu tu. Kabla ya hapo, katika maabara ya Bar Harbor, Marekani, watafiti Scott na Fuller walizalisha machotara wa Basenji na Cocker Spaniel, kisha wakawapandisha machotara hao wao kwa wao, na matokeo ya kazi hiyo waliyachapisha mwaka 1965. Wajukuu walitoka wa kila namna, na mtu ambaye hakuambiwa asili yao asingeweza kuwataja babu na bibi zao kwa kuwatazama.

Kuna jambo jingine ambalo naliona muhimu zaidi, nalo ni hili: mbwa wa kienyeji si lazima awe chotara wa kitu chochote. Tumezoea kudhani kwamba mbegu za Ulaya zilitangulia, na mbwa wa mtaani ni mabaki ya michanganyiko yao. Mwaka 2009 mtafiti Adam Boyko na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mbwa 318 wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia, na walichokikuta ni mchanganyiko wa aina mbili za mbwa: wapo waliokuwa na damu ya mbegu za kigeni, na wapo ambao ni wenyeji kabisa wa bara hili, wenye ukoo wao wenyewe. Kwa hiyo anayekuuliza Simba ni chotara wa nini na nini, unaweza kumjibu kwamba huenda si chotara hata kidogo.

Ukiamua kumpima kwa sampuli ya mate, chagua kampuni ambayo katika hifadhi yake ya vinasaba wamo mbwa wa vijijini wa Afrika. Kampuni isiyo nao humlinganisha mbwa wako na mbegu ilizo nazo tu, na mwisho itakuletea orodha ya majina ya kigeni yaliyo jirani naye kidogo, ambayo hayamhusu.

Daktari, jike wetu Tumaini, mwenye manyoya mafupi, amezaa watoto watano. Watatu wamefanana naye, mmoja ana miguu mifupi mno na mwili mrefu, na wa tano ana manyoya marefu kama mbuzi wa maonyesho. Jirani anasema haiwezekani hawa wakawa wa baba mmoja. Je, ni kweli? — Msomaji, Ngamiani, Tanga

Jirani yako anaweza kuwa na haki, ingawa ushahidi anaoutumia si wote wenye nguvu sawa.

Jike anapokuwa kwenye joto hupandwa kwa siku kadhaa, na akipandwa na madume wawili au watatu, watoto wa uzazi ule ule wanaweza kuwa wa baba tofauti. Jambo hili ni la kawaida kwa mbwa wanaozurura. Sasa mchukue yule wa miguu mifupi. Ufupi wa namna hiyo, tunaouona kwa Dachshund, mara nyingi unatokana na nakala ya ziada ya jeni iitwayo FGF4, na nakala moja kutoka kwa mzazi mmoja inatosha kufupisha miguu. Maana yake ni kwamba tabia hiyo haijifichi: mzazi aliyeirithisha, kwa kawaida, naye anayo. Kama miguu ya Tumaini ni ya kawaida, basi mtaani kwenu yupo dume wa miguu mifupi, au alikuwapo miezi miwili kabla ya uzazi, kwa sababu mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63. Hesabuni nyuma kutoka siku waliyozaliwa, kisha mkumbuke ni mbwa gani walikuwa wakilala nje ya geti lenu.

Yule wa manyoya marefu ni kesi tofauti kabisa. Manyoya marefu huhitaji nakala mbili za jeni yake, moja ya mama na moja ya baba, na mbwa mwenye nakala moja tu ana manyoya mafupi kama wengine. Tumaini anaweza kuwa ameibeba nakala hiyo maisha yake yote bila dalili yoyote, na baba wa mtoto naye vivyo hivyo. Hivyo msimtafute Japanese Spitz, au mbwa mwingine wa manyoya marefu, wa kumsingizia. Anaweza kuwa mtoto wa baba yule yule wa wale watatu wa kawaida.

Mpendwa Daktari, tuna mbwa aitwaye Bobi, ambaye mama yake alitoka katika shamba moja la Naivasha. Ana mabaka ya kijivu na meusi yaliyochanganyika kama marumaru, shingo nyeupe, na jicho moja la buluu. Watoto wakikimbia uani anawazunguka na kuwagusa visigino kwa meno bila kuwaumiza, mpaka wote wawe wamekusanyika pamoja. Hatujamfundisha. Tunataka kujua ni mbegu gani, na pia kama tunaweza kumtibu utitiri kwa sindano ile tunayowapa ng'ombe. — Msomaji, Nakuru

Nitaanza na sindano, maana hilo haliwezi kusubiri: msimpe. Kwa ng'ombe aghalabu hutumika ivamektini, na dawa hiyo inaweza kumuua Bobi.

Nieleze kwa nini nina hofu naye kuliko mbwa wengine mlionieleza. Mabaka ya marumaru yanatokana na jeni moja, na mbegu zinazoibeba ni nyingi: Collie, Border Collie, Australian Shepherd, Shetland Sheepdog, hata Dachshund. Rangi peke yake, basi, haithibitishi lolote. Lakini mabaka hayo yakiungana na shingo nyeupe, asili ya shambani, na ile tabia ya kuzunguka na kugusa visigino, nashawishika kuamini kwamba katika ukoo wake yumo mbwa wa kuchunga. Mbwa wengi wa namna hiyo, hasa Collie, hubeba kasoro katika jeni ya MDR1, iliyotambuliwa mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Washington State. Kazi ya jeni hiyo ni kutengeneza kile kinachozisukuma baadhi ya dawa zitoke nje ya ubongo. Ikiwa na kasoro, dawa huingia ubongoni na kubaki humo: mbwa anayumba, anatokwa na mate, mboni zinapanuka, haoni, anaweza kupoteza fahamu na hata kufa. Machotara nao huirithi, na kwa macho haionekani.

Dozi ndogo ya ivamektini inayotumika kuzuia minyoo ya moyo huwa salama hata kwa mbwa hao. Hatari iko kwenye dozi kubwa ya kutibu utitiri, na zaidi kwenye dawa ya ng'ombe inayokadiriwa kwa macho. Mweleze daktari wenu wa mifugo kwamba mnashuku asili ya Collie, naye atachagua dawa ya kundi jingine, kwani zipo. Jihadharini vilevile na loperamidi, dawa ya kuharisha ya binadamu ambayo watu wengi humpa mbwa kwa nia njema, kwani inapita njia ile ile.

Neno moja kuhusu uzazi: msimpandishe Bobi na jike mwenye mabaka kama yake. Mtoto anayepata jeni ya mabaka kutoka kwa wazazi wote wawili mara nyingi huzaliwa na weupe mwingi, na wengi wao huwa viziwi au vipofu.

Daktari, niliasili mbwa katika kituo cha wanyama hapa Marekani. Kadi yake iliandikwa "Pit Bull". Ni mpole kupindukia, lakini mwenye nyumba amesema mbegu hiyo hairuhusiwi. Je, walijuaje? — Msomaji, Minneapolis

Yaelekea walikisia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu mbwa 120 katika vituo vinne vya Florida, wafanyakazi waliwataja 62 kuwa wa jamii ya Pit Bull, na vinasaba vikawatambua 25 tu kati ya wote 120. Hao ni watu wanaoshika mbwa kila siku, na hata wao kwa wao hawakukubaliana. Kichwa kipana na manyoya mafupi huwatosha watu wengi kutoa hukumu, na hukumu ile ikishaandikwa kwenye kadi humfuata mnyama kila aendako.

Na hata kama wangekuwa wamepatia, jina la mbegu lisingemwambia mwenye nyumba kile anachotaka kujua. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliotumia taarifa za mbwa zaidi ya 18,000, na ikaonekana kwamba mbegu inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Utayari wa kufuata maelekezo ulihusiana na mbegu kwa kiasi fulani, lakini wepesi wa kuchokozeka kwa kiasi kikubwa haukutabirika kwa mbegu. Pima vinasaba vyake, kisha mwombe daktari wake akuandikie barua inayotaja uzito, chanjo, na tabia aliyoiona mwenyewe kliniki, bila kukisia mbegu, na uiambatanishe na matokeo.

Shikamoo Daktari. Jike wangu Sauti aliletwa kutoka Uvira, Kongo, akiwa mdogo. Habweki kama wengine, ila hutoa mlio wa kupanda na kushuka kama anayeimba. Hujilamba kama paka, mvua ikinyesha hakanyagi nje, na ameingia kwenye joto mara moja tu kwa mwaka. Rafiki ameniambia ni chotara wa Basenji. — Msomaji, Kigoma

Marahaba. Rafiki yako ameona vizuri, ila mpangilio wa undugu ameugeuza.

Basenji anatokana na mbwa wa wawindaji wa misitu ya Kongo, ambao kwa kuwa hawabweki sana hufungwa kengele shingoni ili mwindaji ajue walipo. Waingereza walichukua wachache na kuwaonyesha hadharani mwaka 1937, na takriban Basenji wote wa Ulaya na Marekani wakatokana na hao wachache pamoja na walioongezwa baadaye. Damu ilikuwa finyu na magonjwa ya kurithi yakawaandama, hata wafugaji wa Marekani wakarudi Kongo mwishoni mwa miaka ya 1980 kutafuta mbwa wengine wa vijijini, na mwaka 1990 klabu ya mbwa ya Marekani ikakifungua kitabu chake cha ukoo ili kuwaingiza. Sauti, basi, huenda hana damu ya Basenji, bali yeye na Basenji wana mababu wamoja, na tofauti ni kwamba mababu wake yeye walibaki nyumbani.

Hiyo ya joto mara moja ndiyo iliyonivutia zaidi, kwa sababu mbwa wengi wa mbegu za kigeni huingia kwenye joto karibu mara mbili kwa mwaka, na Basenji mara moja. Usiihesabu kuwa ugonjwa. Andika tarehe kila inapoanza, ili ukitaka kumfunga kizazi daktari achague wakati ulio mbali na joto, na ukimwona anakunywa maji kupita kiasi au anatokwa na usaha wiki chache baada ya joto kwisha, mpeleke siku hiyo hiyo, kwani hizo ni dalili za maambukizi ya kizazi.