Barua kwa Mwanangu: Meseji Niliyoifungua Kitonga

Morogoro, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti wa juzi usiku nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa na mama yako, mara mbili zilizofuata nilikaa peke yangu barazani. Unasema kijana wako ametimiza miaka 16, baba yake anataka apewe ile Corolla ya zamani aende nayo shule na mazoezini, na wewe usingizi umekuhama. Unasema wiki iliyopita ulikuwa umekaa kando yake akijifunza, simu ikatetemeka mfukoni mwake, na mkono wake ukaacha usukani kabla hujasema neno. Ukaniuliza: "Baba, nimnyime gari au nimnyang'anye simu? Na nyinyi mlikuwa mnalalaje, miaka yote ile ukiwa njiani?"

Nimeamua kukujibu kwa kuandika kwa sababu ndani ya jibu langu kuna jambo ambalo kwa mdomo ningelikwepa. Nimelikwepa miaka mingi.

Unakumbuka matokeo yako ya kidato cha sita, mwaka 2006? Uliyapata ukiwa hapa Morogoro, ukachukua simu ya mama yako ukanitumia meseji. Sikukujibu. Nilipofika nyumbani kesho yake nilikukuta umenuna, ukaniambia, "Baba, hata hongera hukuniandikia?" Nikakwambia mtandao ulikuwa haushiki. Haikuwa kweli, mama. Meseji ilifika, nami niliifungua nikiwa nashuka Kitonga.

Wewe Kitonga umeupita ukiwa abiria, ukiangalia nyani wa pembeni ya barabara. Mimi siku ile nilikuwa na semi, tani 28 za shaba kutoka Tunduma kwenda bandarini Dar. Mlima ule mtu haushuki kwa breki, anaushuka kwa gia. Ukikanyaga breki mfululizo zinapata moto, na zikishapata moto huna gari tena, una mzigo unaojiendea. Upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, na kona zenyewe huoni kinachokuja hadi mmekutana nacho.

Simu ilikuwa juu ya dashibodi, kile ki-Nokia cha kijivu. Ikalia. Nikaona jina la mama yako kwenye kioo. Mama yako hakuwa na kawaida ya kuniandikia mchana, nikajua hapo hapo kwamba ni matokeo. Nikajiambia nitaangalia neno moja tu. Nikabonyeza kufungua, nikasoma: "Baba nimepata wani." Sikufika neno la nne. Utingo wangu alipiga ukelele, "Mzee!" Nilipoinua macho, kichwa cha gari kilikuwa kimeshaingia upande wa wenzetu na basi linapanda kwenye kona. Nikavuta usukani. Saiti mira yangu na ya lile basi zikagongana kwa mlio kama wa bunduki, vioo vikanimwagikia mapajani. Madirisha ya basi yalipita karibu na bega langu kiasi kwamba nilimwona mama mmoja aliyejitanda kanga ya kijani, mtoto amelala kifuani pake. Hakuamka yule mtoto.

Nilisimama chini kabisa, Ruaha Mbuyuni, pale wanapopanga vitunguu barabarani. Miguu ilikataa kushuka. Utingo akafungua mlango upande wangu, akaanza kunitoa vipande vya kioo kwenye suruali kimoja kimoja, hasemi kitu, machozi yanamtoka. Simu ilikuwa imeangukia kwenye klachi. Nyumbani nilisema tawi la mti ndilo lililovunja kioo, na tajiri wa gari nilimwambia hivyo hivyo. Utingo alinifichia. Mama yako nimemwambia ukweli leo mchana, kabla sijaanza kuandika barua hii.

Sikulaumu, usije ukalia ukadhani nakulaumu. Ulikuwa mtoto mwenye furaha, na furaha hutafuta mtu wa kuambiwa. Nakusimulia ili uone ni kitu gani kilichonyoosha mkono wangu. Nilikuwa na miaka 19 barabarani bila kugonga hata mbuzi. Kazi niliijua. Lakini jina la mtu wako likiwaka kwenye kioo, mkono unakwenda wenyewe. Sasa mchukue kijana wa miaka 16, mwenye miezi michache kwenye usukani, aone neno "Mama" linawaka. Umemlea tangu mdogo kwamba mama akiita, anaitika. Atafanyaje?

Ndiyo maana jibu langu ni kwamba mpe gari, muda ukitimia. Na kabla ya kuigusa simu yake, anza na ya kwako.

Nilipokuja kwenu Columbus, huko Ohio, Marekani, ule msimu wa baridi, siku ya tatu ulinipeleka dukani kupitia ile barabara kubwa ya mzunguko, 270. Simu yako ilikuwa kwenye kile kishimo cha kuwekea kikombe. Kutoka nyumbani hadi dukani uliishika mara sita. Nilizihesabu. Mara mbili ilikuwa kazini kwako, mara moja mumeo anauliza kama mmekumbuka maziwa, nyingine sijui. Kwenye taa ulikuwa unasoma hadi wa nyuma akakupigia honi. Na mara zote sita kijana alikuwa kiti cha nyuma, kajipenyeza katikati ya viti vyetu, anakuangalia vidole. Sikusema neno. Nilikuwa mgeni, na nilikuwa na Kitonga yangu kifuani. Nilikosea kunyamaza.

Zile karatasi za mafunzo ulizopiga picha ukanitumia nimezisoma zote kwa msaada wa mdogo wako. Zimenipa moyo, maana wenzetu wa Ohio hawampi mtoto gari hivi hivi. Saa 50 barabarani na mzazi au mlezi, na katika hizo saa 10 ziwe za usiku. Mwaka wa kwanza wa leseni asiendeshe kuanzia saa sita ya usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi bila mzazi, na asipakie zaidi ya mtu mmoja asiye wa familia. Hilo la abiria ulishike kwa mikono miwili. Gari la vijana wanne ni kelele, na kila mmoja anataka dereva ageuke aone kitu kwenye simu yake. Tena nimeona wameandika kwamba dereva wa miaka 16 hadi 19, kwa umbali ule ule, hupata ajali za vifo karibu mara tatu ya wenye miaka 20 na kuendelea. Mimi niliyefundisha mautingo wengi kuendesha, hilo halikunishangaza. Mtu mgeni barabarani hajui bado ni kitu gani cha kuogopa.

Kuhusu simu, sheria yao kwa aliye chini ya miaka 18 ni kali: haruhusiwi kabisa akiwa anaendesha, hata ile ya kuongea bila kuishika. Kosa la kwanza ni dola 150 na leseni kufungiwa siku 60. Na tangu Aprili 2023 hata nyinyi wakubwa askari anaweza kuwasimamisha kwa kuwaona tu mmeshika simu. Sheria nzuri. Ila askari hakai ndani ya gari, na wewe pia hutakuwamo.

Kuna jambo moja mwanao anaweza kukubishia, maana vijana wote hulisema, kwamba yeye anaangalia sekunde chache tu. Usigombane naye, mpe kalamu apige hesabu mwenyewe. Gari likiwa kwenye maili 55 kwa saa, kama kilomita 88 za kwetu, linakula mita 24 kila sekunde. Sekunde tano, muda wa kusoma meseji na kuanza kuijibu, ni mita 120. Ni kutoka goli hadi goli kwenye uwanja wa mpira na zaidi, amefumba macho. Serikali yao wenyewe ilihesabu watu 3,308 waliokufa mwaka 2022 katika ajali ambazo dereva alikuwa amekengeushwa na kitu, simu ikiwemo. Na usimruhusu aamini kwamba vifaa vya masikioni vinamaliza tatizo. Macho yanaweza kuwa barabarani, akili ikawa kwenye maneno ya mtu. Hapa Morogoro nawaona bodaboda wamechomeka simu kati ya helmeti na sikio, wanabishana na mteja huku wanakatiza mbele ya mabasi. Macho wanayo, mbona hawaoni?

Sasa lile la kuwapigia. Mdogo wako amenisomea kwamba mwaka 2014 watafiti wa huko Marekani waliwauliza vijana wanaoongea na simu wakiendesha, wanaongea na nani. Kiasi cha nusu yao walisema ni mama au baba. Wengine waliongeza kwamba wazazi hukasirika wasipopokea. Nilipolisikia hilo nilinyamaza muda mrefu. Kwenye ujumbe wako mwenyewe umesema akianza kwenda peke yake utakuwa unampigia kila baada ya dakika chache ujue amefika wapi. Mama, nakuomba sana usifanye hivyo. Ile simu ya kumtafutia usalama ndiyo itakayomtoa macho barabarani.

Umeuliza tulilalaje. Nimemuuliza mama yako leo, akasema hakuwa analala, alikuwa anahesabu vituo. Baada ya Kitonga niliweka utaratibu bila kusema sababu: nyumbani mtu asinipigie nikiwa safarini, mimi ndiye nitakayepiga. Nilipiga nikiwa nimesimama Makambako, nikapiga Ruaha Mbuyuni, nikapiga Mikumi kabla ya kuingia mbugani. Ikipita saa ambayo ningepaswa kuwa nimefika, alikuwa na namba ya utingo, na utingo ndiye aliyepokea. Wasiwasi haukumwisha hata siku moja, lakini ulikuwa na saa zake. Kati ya kituo na kituo alifua, alipika, aliwasimamia nyinyi na madaftari yenu.

Mpangie na kijana vituo vyake. Akiwasha gari, simu iingie kwenye begi, begi liende kiti cha nyuma, siyo mfukoni, maana mfukoni inatetemeka na umeshaona mkono unavyofuata. Simu za siku hizi zinaweza kujijibu zenyewe kwamba mwenye simu anaendesha. Muiweke hivyo pamoja, na ya kwako iweke hivyo pia, yeye akiona. Akifika shuleni, ameegesha, amezima injini, aandike neno "nimefika". Akichelewa, mwambie mapema kabisa kwamba hutamgombeza kwa kutopokea, utamgombeza kwa kupokea. Kama moyo unakuzidi, hizo simu zinaonyesha kwenye ramani gari lilipo bila kumlilia sikioni. Angalia, halafu ifunike.

Saa 50 hizo usizione mzigo, na usimwachie baba yake peke yake. Kaa naye. Wakati wa theluji mpeleke kwenye uwanja mtupu wa maegesho akajifunze gari linavyoteleza, kabla hajaliona mara ya kwanza katikati ya magari ya watu. Na ukiwa umeshika usukani wewe, simu yako ikilia, iache ilie hadi ikome. Aisikie ikikoma. Ni zaidi ya hotuba zote utakazompa, maana zile mara sita alizihesabu kama nilivyozihesabu mimi.

Habari ya Kitonga ningependa nimsimulie mwenyewe. Jumamosi, mkiwa nyumbani nyote, nipigieni ya video, niketi na babu yangu huyo tuongee kama madereva wawili. Nitamwonyesha na kovu dogo la kile kioo, liko juu ya goti la kulia. Nyinyi wote mmeshaliona, nilikuwa nasema ni mti.

Mama yako anakusalimu, anasema ile dawa ya mguu imemsaidia.

Na ile meseji yako ya mwaka 2006 niliimalizia kusoma Ruaha Mbuyuni, gari limesimama, utingo amekaa chini kwenye tairi. Uliandika: "Baba nimepata wani, rudi salama." Hongera sana, mwanangu. Nilirudi.

Ni mimi baba yako