Kutoka makaa ya mawe hadi peleti za mbao: boila ileile, ghala jipya

SWALI: Mhandisi, nimesoma kwamba mitambo ya umeme ya Bois-Rouge na Le Gol, kisiwani Réunion katika Bahari ya Hindi, imeacha makaa ya mawe na sasa inatumia tungamotaka, yaani mimea na mabaki yake kama fueli. Je, boila ni zilezile, au ilibidi zijengwe upya?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa sehemu kubwa boila ni zilezile. Mitambo hiyo ilijengwa miaka ya 1990 kando ya viwanda vya sukari, na tangu mwanzo ilichoma makapi ya miwa msimu wa mavuno, kisha makaa ya mawe miezi iliyobaki. Tanuri lililozoea makapi ambayo karibu nusu ya uzito wake ni maji halishindwi na peleti za mbao, yaani vipande vidogo vya unga wa mbao uliogandamizwa, ambavyo unyevu wake kwa kawaida hauzidi asilimia 10. Peleti ndizo zilizoshika nafasi ya makaa. Makapi yanaendelea kuchomwa kama zamani.

Kazi nzito iko nje ya boila. Kilo moja ya peleti hutoa takribani megajuli 17 za joto, ilhali makaa mazuri hutoa kama 25, kwa hiyo palipotosha tani mbili za makaa zitahitajika tani tatu za peleti, tena zikichukua nafasi inayokaribia maradufu. Makaa yanaweza kurundikwa uwanjani yakanyeshewa na mvua. Peleti haziwezi: itumbukize moja katika glasi ya maji, na baada ya dakika chache utaikuta imevimba na kumomonyoka ikawa unga. Ndiyo maana kuanzia bandarini hadi tanurini zinahitaji maghala yaliyoezekwa na mikanda iliyofunikwa.

Hapa naomba usome kwa makini. Vumbi la peleti likitanda hewani huweza kulipuka kwa cheche moja, na rundo lililofungiwa hujipasha joto lenyewe na kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu ambayo imewaua wafanyakazi walioingia ghalani au katika ngama za meli bila kupima hewa kwanza. Majivu ya mbao, kwa upande wake, ni machache kuliko ya makaa, lakini potasiamu iliyomo huyafanya yagande kwenye mabomba ya mvuke, hivyo usafishaji hauna budi kupangwa upya.

Faida moja husahaulika: rota nzito ya mtambo wa mvuke, yaani sehemu yake inayozunguka, husaidia kutuliza masafa ya umeme kwenye gridi ya kisiwa, ambayo haina gridi jirani ya kuikopa umeme.

Hata hivyo, peleti zinazoletwa kwa meli kutoka mbali hupunguza kaboni ikiwa tu misitu zinakotoka inaota tena kwa kasi ya kutosha. Kisiwa kingine kikiniomba ushauri, nitataka kwanza kipime mabaki ya mimea kilichonayo, msimu kwa msimu, kabla ya kutia saini mkataba wowote wa peleti.