Kulinganisha magari mawili kabla ya kununua jipya

Ndugu, nimeelewa kwamba umebakiwa na magari mawili mapya, moja la bei nafuu na jingine linalotumia mafuta kidogo, na hujui lipi litakugharimu kidogo zaidi kwa miaka mitano ijayo.

Anza na hesabu. Gari linalotumia lita 8 kwa kilomita 100 litahitaji lita 1,200 ukiendesha kilomita 15,000 kwa mwaka, ilhali la lita 6 litahitaji 900. Zidisha tofauti hiyo ya lita 300 kwa bei ya mafuta na kwa miaka mitano, kisha uzingatie bima, matairi, matengenezo na thamani itakayobaki siku utakapoliuza. Hilo la mwisho nililipuuza nilipolinunua gari langu la kwanza, nalo likaniumiza kuliko gharama ya mafuta.

Kuhusu usalama, tazama nyota za Euro NCAP, mpango wa Ulaya unaopima usalama wa magari mapya kwa majaribio ya ajali, pamoja na mwaka wa jaribio, kwa kuwa vigezo hukazwa kadiri muda unavyopita na nyota 5 za 2012 si sawa na za leo. Hakikisha pia kwamba toleo lililojaribiwa lina vifaa vilevile vya hilo unalouziwa.

Yaendeshe yote mawili siku ileile, ukiwa na wale utakaowabeba. Usilipe amana kabla ya kusoma masharti ya dhamana, hasa yale yanayoibatilisha. Na ukinunua kwa mkopo, mwombe mhasibu auhakiki mkataba, kwani malipo madogo ya kila mwezi mara nyingi huficha jumla kubwa.