Hastati 12 dhidi ya falanksi 6: usimsubiri Marius, badili mpangilio

Mkuu uliyeanzisha uzi, nimesoma shida yako mara mbili nikacheka, na si kwa dharau. Hapo ulipokwama ndipo nilipokwama mimi pia, tena kwa miezi. Umesema unacheza Rome: Total War, gemu ya vita ya kompyuta ya mwaka 2004, unaongoza ukoo wa Kirumi wa Brutii, umevuka bahari ukaichukua Apollonia bila jasho, halafu nje ya mji wa Larissa huko Ugiriki Wamasedonia wenye falanksi sita (vikosi vya safu nzito za mikuki mirefu) wamekumalizia majeshi matatu mfululizo, kila moja lina vikosi kumi na viwili vya hastati, askari wa miguu wa mstari wa kwanza wa Kirumi. Sasa unauliza kama ungoje mageuzi ya Marius, yale yanayobadili jeshi la Kirumi ndani ya gemu, upate vikosi vya legioni ndipo urudi Ugiriki.

Usingoje. Mageuzi yale hayaji kwa kalenda, yanakuja pale mji mmoja wa Italia unapojengwa kasri la kifalme, na kasri hilo linataka mji uwe na watu 24,000. Wewe umesema umeweka ukubwa wa vikosi wa juu kabisa, maana yake kila kikosi cha hastati kinachukua watu 160 kutoka kwenye mji uliowaandikisha. Piga hesabu: majeshi matatu, vikosi kumi na viwili kila moja, ni watu 5,760 uliowatoa Tarentum na Croton ukaenda kuwazika Larissa. Kila ukishindwa, Marius anasogea mbali zaidi. Na hata ukimpata, ukiwapanga legioni kama unavyowapanga hastati sasa hivi, falanksi zitawamaliza vilevile, ila utakuwa umelipa bei kubwa zaidi.

Tatizo lako umelitaja mwenyewe bila kujua, pale uliposema "nawapanga wote mstari mmoja mrefu ili niwazidi upana, halafu nawaamuru wakimbie". Askari wa miguu wa Kirumi hakutengenezwa kwa kazi hiyo. Polybius, Mgiriki aliyeishi Roma na kuyaona majeshi yake kwa macho, anaeleza legioni ya kawaida ya zama hizo: velites 1,200 mbele (askari wepesi wa kurusha mikuki), hastati 1,200, nyuma yao principes 1,200 (wenye uzoefu zaidi), na mwisho kabisa triarii 600 (wakongwe wa mikuki mirefu). Jumla 4,200. Angalia vizuri hesabu hiyo. Mstari wa kwanza wa askari wazito haufiki hata theluthi moja ya jeshi. Wazito wengine wote wamesimama nyuma, hawajagusa adui, pumzi wanayo. Hiyo ndiyo silaha ya Mrumi kuliko upanga wake mfupi: ana watu ambao bado hawajaanza kupigana wakati askari wako wote wameshachoka. Gemu hii, pamoja na kasoro zake nyingi, imelishika jambo hilo vizuri. Kikosi kilichochoka kinapiga dhaifu na moyo wake unavunjika upesi, na kikosi kibichi kikimpiga mtu mgongoni, mtu huyo anakimbia hata kama alikuwa anashinda.

Kwa hiyo hastati kazi yao ni kushikilia. Wewe unawataka waue, ndiyo maana wanakufa.

Nikueleze nilivyofanya kwenye vita kama hiyo yako, maana niliirudia wiki mbili zilizopita kwa ajili ya raha tu. Nilikuwa na hastati vikosi vitano, principes vinne, triarii viwili, velites viwili, equites (wapanda farasi) viwili na jenerali. Wao walikuwa na falanksi sita, wapanda farasi wepesi vikosi vitatu na jenerali wao. Nilitafuta mteremko, hata mdogo, nikawaweka hastati wanne juu yake kwa mstari, nikawabonyezea ule mtindo wa kulinda ili wasitoke kwenye safu kumfukuza mtu. Hastati wa tano nyuma yao katikati. Principes wawili nyuma upande wa kulia, wawili kushoto, umbali wa kutosha kupitisha kikosi kizima katikati. Triarii mmoja kila pembe ya nje kabisa.

Halafu nikaacha mausi. Kweli, niliweka mikono mezani. Falanksi ikitembea na mikuki chini inakwenda polepole mno, na ukiisubiri yenyewe ndiyo inapanda mlima. Velites wakatupa mikuki yao wakarudi nyuma. Falanksi zilipoingia kwenye masafa, hastati wakatupa ya kwao. Usidharau mkupuo huo, maana ndio pekee utakaomuua Mmasedonia kwa mbele kabla hajakufikia. Hapa watu wengi wanakosea: wakibofya mara mbili ili askari wakimbie, au wakishika Alt, kikosi kinaingia na panga moja kwa moja na mikuki inabaki mikononi. Wasimamishe, waache wenyewe watupe.

Zikagongana. Hastati wakaanza kupungua, na mimi hapo ndipo nilipokuwa naharibu zamani, nilikuwa nikiona idadi inashuka naingiwa na hofu nawasukuma principes moja kwa moja nyuma yao kusaidia. Usifanye hivyo hata siku moja. Mbele ya falanksi hakuna nafasi ya mtu wa pili, unamwongezea adui nyama tu. Badala yake, principes wa kulia nikawatembeza, kwa mguu wa kawaida bila kukimbia, wakaipita pembe ya falanksi ya mwisho, wakaendelea hadi wakawa nyuma kabisa, ndipo nikawageuza. Nikabofya mara moja tu juu ya falanksi ya pembeni. Wakasimama, wakatupa mikuki migongoni mwa watu, kisha wakaingia na panga. Falanksi ile haina jibu. Mikuki yake yote inatazama hastati, ikitaka kugeuka inavurugika. Bendera nyeupe, alama ya kikosi kinachokimbia, ilianza kupepea kabla sijamaliza kupeleka principes wa kushoto. Ya pili ikakimbia kwa kuona ya kwanza imekimbia, na baada ya hapo ilikuwa kazi ya equites kuwafukuza. Hastati wangu wa katikati walibaki chini ya nusu. Wengine wote karibu wazima.

Na hili si ujanja wa gemu peke yake. Mwaka 197 KK, huko huko Thesalia unakohangaika wewe, kwenye vilima vya Cynoscephalae, jenerali wa Kirumi Flamininus alipigana na Philip wa Tano, mfalme wa Masedonia. Falanksi ya kulia ya Wamasedonia ilikuwa inawasukuma Warumi chini ya mteremko. Upande wa pili Warumi wakawa wameshinda, kwa sababu falanksi ya kushoto ilikuwa haijajipanga sawasawa ilipovamiwa na tembo wa Warumi. Basi ofisa mmoja, ambaye hata jina lake halikuandikwa, badala ya kuendelea kufukuza waliokimbia, akachukua manipuli ishirini (vikosi vidogo vya legioni) akageuka akaipiga ile falanksi iliyokuwa inashinda kwa nyuma. Vita ikaishia hapo. Inasemekana Wamasedonia waliinyanyua mikuki yao juu kuonyesha wamesalimu amri, Warumi wasielewe maana yake, wakaendelea kukata. Mimi kila nikiwazungusha principes namkumbuka yule ofisa asiye na jina.

Sasa mambo madogo yaliyonigharimu, ambayo sikuyaona kwenye maelezo ya mtu yeyote nilipoanza.

Kwenye mstari wa pili, zima kile kitufe cha kurusha bila kuamriwa. Mimi nilipoteza karibu kikosi kizima cha hastati nikidhani adui ana nguvu za ajabu, kumbe principes wangu walikuwa nyuma wanawatupia mikuki wenzao migongoni. Nilikuja kugundua siku niliyosogeza kamera chini kabisa, usawa wa ngao, nikaona mikuki inatoka upande wangu. Wapiga mishale ni vilevile, wakiwa nyuma kwenye ardhi tambarare wanaua wa kwenu. Wape mteremko au waweke pembeni.

Triarii usiwapeleke kupigana na falanksi. Wao wana mikuki mirefu ya kuchomea farasi, kwa hiyo nafasi yao ni pembe za jeshi. Wale wapanda farasi wa Kimasedonia watajaribu kuzunguka, wakutane na triarii wamesimama. Warumi walikuwa na msemo kwamba mambo yamefika kwa triarii, maana yake hali imekuwa mbaya kweli kweli. Kama kambi zako bado hazijafika ngazi ya kuwatoa, ajiri mamluki wa Kigiriki, hoplites (askari wa mikuki), jenerali akiwa maeneo hayo utawakuta. Ni ghali ila wapo papo hapo, na hawapunguzi watu wa mji wako.

Jenerali wako mweke nyuma ya katikati. Watu wanapenda kumtumia kama farasi wa kuvunja, na kweli wale walinzi wake ni wakali, lakini akifa mbele ya askari jeshi zima linayumba. Nimeshashinda vita nikaipoteza kwa sababu hiyo hiyo moja.

Na Larissa yenyewe usiivamie. Barabara za mjini nyembamba, falanksi moja ikiziba njia huna ubavu wa kuzunguka, na ukiwafikisha uwanjani katikati ya mji hawakimbii tena, wanapigana hadi wa mwisho. Uzingire, ukae. Zamu za kuzingira zikikaribia kuisha watatoka wenyewe nje, na nje ndiko unakowataka. Panga jeshi mbali na kuta lakini, minara inatupa mishale.

Wagali (Gauls) uliouliza kuwahusu mwishoni ni rahisi zaidi, sitakuchosha. Nguvu yao yote iko kwenye ule mkimbio wa kwanza. Hastati juu ya kilima, mtindo wa kulinda, mikuki, vumilia dakika moja, principes pembeni. Basi.

Kuna mdau hapo juu amesema legioni zikija zina ile kobe, ngao juu ngao mbele, kwa hiyo mishale haitasumbua tena. Ni kweli kwa kusogelea ukuta. Ila kikosi kikiwa kwenye kobe kinatambaa, na kikiingia vitani kikiwa hivyo hivyo kinachinjwa. Dhidi ya Waparthi, wale wapiga mishale wa farasi wa mashariki, ndiyo kabisa usiitegemee. Jenerali wa Kirumi Crassus alijaribu kuwakabili kwa askari wa miguu huko Carrhae mwaka 53 KK, akingoja mishale iishe, kumbe Waparthi walikuwa na ngamia wamebeba akiba. Ukifika mashariki beba wapiga mishale wa Krete au auxilia (askari wasaidizi wa Kirumi), na usimfukuze farasi kwa mguu. Jua la jangwani linawachosha haraka wenye deraya nzito.

Jambo la mwisho, kagua ugumu wa vita ulioweka. Kama uko kwenye ngazi za juu, kompyuta inapewa nyongeza ya nguvu ambayo wewe hupewi, na hastati wanaonekana wabovu kuliko walivyo. Ugumu wa kampeni acha juu, wa vita shusha katikati hadi mkono uzoee. Na hifadhi mchezo kabla ya kuingia vitani, kwa sababu ukiwa ndani ya vita huwezi kuhifadhi. Ile vita yangu niliyokuhadithia niliishinda mara mbili. Mara ya kwanza umeme ulikatika wakati equites wako katikati ya kufukuza, betri ya laptopu yangu ilishakufa siku nyingi, nikarudi kuanza tangu nilipokuwa bado sijavuka mto.