Cheti cha TMDA Hakikupi Umiliki wa Jina: Ushauri kwa Wauzaji wa Vifaa Tiba

Wafanyabiashara wengi wa vifaa tiba wanaofika ofisini kwangu huja na cheti cha usajili wa bidhaa kutoka Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA, wakiamini kwamba kwa cheti hicho jina lililochapwa kwenye boksi limekwisha kuwa mali yao. Imani hiyo inaeleweka, kwa sababu kukipata cheti chenyewe ni kazi ndefu na ya gharama, na mtu aliyeimaliza hapendi kuambiwa kwamba bado kuna ofisi nyingine inamsubiri. Lakini TMDA hushughulika na usalama, ubora na utendaji wa kifaa. Ndiyo maana huvipanga vifaa katika madaraja manne, A hadi D, kwa kadiri ya madhara yanayoweza kumpata mgonjwa. Nani mwenye haki ya kulitumia jina si swali lake. Kwa Tanzania Bara swali hilo hujibiwa na BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986.

Kwa hiyo ninashauri kazi ya kusajili alama ya biashara, yaani jina au nembo ya bidhaa, ianze mapema, wakati faili la kiufundi la TMDA bado linaandaliwa. Jina likishaingia kwenye lebo, kijitabu cha maelekezo, cheti cha bidhaa na nyaraka za zabuni, kulibadilisha maana yake ni kuomba marekebisho kila mahali lilikoandikwa, na mzigo uliokwisha kuchapwa jina la zamani unabaki ghalani ukimtazama mwenyewe. Upekuzi wa alama zilizokwisha kusajiliwa, ambao huchukua muda mfupi na gharama ndogo, ungemwepusha na hayo yote.

Jambo linalozaa ugomvi kuliko mengine ni jina la mwombaji. Nilipata kushughulikia suala la mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam aliyekuwa akiagiza mashine za presha kutoka kiwanda cha nje, zikiwa na jina la kiwanda chenyewe. Yeye ndiye aliyezitembeza kwenye maduka ya dawa na zahanati, akawafundisha wauguzi kuchagua mkanda unaolingana na mkono wa mgonjwa, akatengeneza zilizoharibika. Biashara iliposhika, kiwanda kikamteua wakala wa pili. Akaja kwangu na ombi moja: tuisajili alama ile haraka kwa jina la kampuni yake, ili yule wa pili akwame bandarini.

Nilimkatalia, na hadi leo humkatalia kila anayeniletea wazo hilo. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Paris, ule wa kimataifa wa kulinda alama za biashara na uvumbuzi, tangu mwaka 1963, na mkataba huo unampa mwenye alama haki ya kupinga au kudai kufutwa kwa usajili uliofanywa na wakala wake kwa jina la wakala bila ridhaa. Barua pepe za oda, ankara na picha za maboksi, ambazo muagizaji huziona kuwa ushahidi wa jasho lake, ndizo hizohizo zitakazoonyesha kwamba alijua fika alama ni ya nani. Jasho la wakala hulindwa kwa mkataba wa usambazaji: eneo lake ni lipi, kama yuko peke yake au la, notisi ya kuvunja mkataba ni ya muda gani, na nani atanunua mzigo uliobaki. Bwana yule hakuwa na mkataba wa aina hiyo. Alikuwa na urafiki na meneja wa mauzo, na meneja alikuwa amehamia kazi nyingine.

Alichofanya baadaye ndicho ninachowapendekezea wenye uwezo. Alitafuta kiwanda kinachokubali kutengeneza kwa jina la mteja, akabuni jina lake mwenyewe, na ndani ya makubaliano ya oda yakaandikwa maneno ya wazi kwamba jina, nembo na muundo wa boksi ni mali ya mnunuzi, na kwamba kiwanda hakitamuuzia mtu mwingine bidhaa yenye alama hiyo. Hapo ndipo tulipojaza ombi BRELA, kwa jina la kampuni. Nasisitiza kampuni kwa sababu nimeona alama nyingi zikisajiliwa kwa jina la mkurugenzi binafsi, pengine kwa vile yeye ndiye aliyekuwa na akaunti kwenye mfumo wa mtandaoni. Mkurugenzi huyo akigombana na wenzake ataondoka nayo. Akifariki, alama inaingia kwenye mirathi pamoja na nyumba na shamba, na kampuni inabaki ikiuza bidhaa kwa jina lisilo lake.

Sasa tuje kwenye makundi ya bidhaa, ambako fedha nyingi hupotea kimyakimya. Usajili wa alama haulindi jina kwa kila kitu. Hulilinda kwa bidhaa zilizotajwa kwenye ombi, zikiwa zimepangwa kwa mfumo wa kimataifa wa Nice wenye makundi 45, ambayo hayana uhusiano wowote na madaraja A hadi D ya TMDA. Chukua boksi la kipima sukari ulifungue mezani. Mashine yenyewe ni ya kundi la 10, la vyombo vya tiba na upasuaji, na vile visindano vya kutobolea kidole ni vya kundi hilohilo. Vijiti vya kupimia, pamoja na kichupa cha maji ya kuhakiki mashine, ni vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, na hivyo huenda kundi la 5, wanakokaa jamaa wa dawa, plasta na bandeji. Programu ya simu inayotunza kumbukumbu za mgonjwa ni ya kundi la 9. Boksi ni moja, jina ni moja, lakini makundi ni matatu, na BRELA kila kundi huombewa peke yake na kulipiwa ada yake.

Fedha ikiwa haitoshi, wengi hukimbilia kundi la 10 peke yake kwa sababu lina neno tiba. Kwa kipima sukari mimi nisingeliacha kundi la 5. Mashine mgonjwa huinunua mara moja, vijiti huvirudia mwezi hadi mwezi, na mwigaji analijua hilo vizuri kuliko muuzaji. Kila bidhaa ina mtego wake: glovu za daktari ni kundi la 10, za kuoshea vyombo ni la 21; barakoa ya upasuaji ni la 10, ya kumkinga fundi na vumbi ni la 9; kiti cha magurudumu cha mgonjwa, ajabu kidogo, kimewekwa kundi la 12 pamoja na magari na baiskeli. Anayefunga na kutengeneza mashine hospitalini afikirie pia kundi la 37, ambalo ni la huduma.

Kuhusu jina lenyewe sina mengi. Maneno kama Medi, Care, Afya, Tiba na Uzima yamejaa kwenye daftari la alama, na hata Msajili akikukubalia, huwezi kumzuia mwenzako kuyatumia kwa namna yake. Neno la kubuni, lisiloieleza bidhaa, ndilo lenye nguvu.

Msalaba mwekundu ni habari nyingine. Sijui wachoraji wetu wa nembo wameurithi kwa nani, ila kila anayeuza hata pamba huuweka. Alama hiyo inalindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, ambayo inakataza watu binafsi na kampuni kuitumia bila idhini, na kuiigiza pia kumekatazwa; kwa hiyo kuupinda kidogo au kuuzungushia duara hakukuokoi. Kampuni ya Johnson & Johnson ya Marekani imekuwa ikiitumia tangu karne ya 19, kabla ya makatazo ya sheria za nchi hiyo, na mwaka 2007 ilikwenda hadi kulishtaki Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani; mwaka uliofuata mahakama ikatupa sehemu kubwa ya madai yake, na pande mbili zikapatana. Usiuchukue mfano huo kama ruhusa.

Ombi likipita mikononi mwa Msajili hutangazwa kwenye jarida la alama, na mtu yeyote ana siku 60 za kuweka pingamizi. Pasipokuwa na pingamizi cheti hutolewa, na umri wa usajili huhesabiwa tangu siku ombi lilipowasilishwa: miaka 7 ya kwanza, kisha miaka 10 kwa kila uhuishaji. Kabla ya cheti usichape kwenye boksi herufi R ndani ya duara, inayoashiria kwamba alama imesajiliwa. Tena cheti cha BRELA kinaishia Bara. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake, BPRA, kama ilivyo na mamlaka yake ya chakula na dawa, na mwenye mzigo unaovuka kwenda Unguja na Pemba hana budi kuomba kote kuwili.

Wenzetu wa Kenya huomba kwa KIPI, ofisi ya alama ya nchi yao, na nchi hiyo imo tangu mwaka 1998 kwenye mfumo wa Madrid, unaomwezesha mtu kuomba ulinzi wa alama katika nchi nyingi kwa ombi moja. Tanzania haimo. Mtengenezaji wa nje akikuonyesha cheti cha usajili wa kimataifa chini ya mfumo huo akakwambia jina lake limelindwa huku, muulize ombi lake la BRELA liko wapi. Hata hivyo, aliyetangulia kuomba Nairobi anaweza ndani ya miezi 6 kuomba hapa na kudai tarehe ileile ya kwanza.

Mwisho, kwa wanaotengenezesha China. Nchi ile humpa haki aliyetangulia kuwasilisha ombi, na forodha yake hukagua hata mizigo inayotoka. Mtu mwingine akilisajili jina lako huko na kuliandikisha forodha, kontena lako linaweza kuzuiwa kabla halijapanda meli, ingawa hujawahi kuuza hata kifaa kimoja ndani ya China. Waombeni wakala wa alama wa huko aangalie jina kabla ya kulipa malipo ya awali ya oda, na pale uwezo unaporuhusu likasajiliwe huko pia, kwa jina la kampuni ileile iliyoko kwenye cheti cha BRELA, herufi kwa herufi.