Adili na Nduguze: nilikirudia, na utamu ukazidi

Mkuu, umeuliza kama kukirudia kitabu ulichokipenda utotoni kunakiharibu. Kwangu mimi imekuwa kinyume kabisa.

Mfano wangu ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952. Nilikisoma nikiwa shule ya msingi, Temeke, nakala isiyo na jalada iliyokwisha kupita kwa dada zangu. Hamu yangu yote ilikuwa kwa majini, mji wa watu waliogeuka mawe, na manyani wawili wanaochapwa kila usiku. Manyani hao ni Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa baada ya kumtosa ndugu yao Adili baharini kwa wivu, basi nikaona viboko ni halali yao.

Mwaka jana nimemsomea mwanangu kwa sauti, kidogo kidogo kabla ya kulala. Safari hii nilikuwa namtazama Adili. Hachapi kwa kupenda. Ameamriwa na Huria, binti wa jini, na akimaliza anawalisha kwa huruma. Na hao ndio aliogawana nao mali yake walipofilisika! Kurasa za urithi nilizirukaruka utotoni. Sasa nimeshakaa vikao vya mirathi, nimeona watu wa tumbo moja wakishindwa kusalimiana kwa sababu ya nyumba ya Kariakoo. Nilizisoma polepole sana.

Mwanangu akauliza, "Baba, kwa nini asiwasamehe tu?" Nikamwambia ameshawasamehe zamani, ila adhabu si yake kuiondoa, mpaka Mfalme Rai awaombee.

Ukubwani pia nimekuja kujua kwamba kisa hiki kina asili katika Alfu Lela Ulela. Kule ndugu wanageuzwa mbwa, na wakishasamehewa wanamuua ndugu yao. Shaaban Robert hakukubali mwisho huo, ndugu wa hadithi yake wanatubu. Ukilijua hilo, kila neno la upole kitabuni lina uzito mwingine.

Hadithi za upelelezi nazo zinarudiwa vizuri. Katika visa vya mpelelezi Bwana Msa, vya Muhammed Said Abdulla, mhalifu ukishamjua, unabaki kufaidi mazungumzo ya Kiunguja.

Kama nakala yako ilipotea, pita kwa wauza vitabu vya mitumba wanaopanga chini mjini, au Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi, Dar es Salaam. Ukipata, soma kwa sauti. Sentensi za Shaaban zinataka kusikika.